Walioyajenga Magofu ya Mawe ya Mwambao wa Mombasa

Magofu ya mawe yaliyotapakaa kaskazini na kusini ya kisiwa cha Mombasa ni mabaki ya miji ya Waswahili iliyostawi kati ya karne ya 12 na ya 18. Upande wa kaskazini, mtu akitoka Kisauni na kuzipita Bamburi na Shanzu, akishavuka hori la Mtwapa hukuta magofu ya mji wa Mtwapa na, mbele kidogo ufuoni, Jumba la Mtwana. Upande wa kusini, akivuka kwa feri hadi Likoni na kushika njia ya Ukunda, hufika kwenye msikiti wa kale wa Tiwi, kisha ule wa Kongo, Diani, penye mlango wa mto Mwachema, ambao husaliwa hadi leo. Kisiwani kwenyewe, upande unaoelekeana na Likoni, umesimama mnara wa Mbaraki. Majengo ya namna hii yamenasibishwa na karibu kila watu isipokuwa wenyeji: Waajemi, Waarabu, Wareno, Wadebuli wa Bara Hindi, hata wachungaji wa kale kutoka Uhabeshi. Makosa hayo hayakutokana na ujinga tu. Mengine yalizaliwa na masimulizi ya fahari, mengine na majina ya mahali, mengine na sheria za kikoloni, na makubwa kuliko yote yalitokana na mazoea ya wataalamu ya kuanza kuihesabu historia pale jiwe la kwanza lilipowekwa.

Jiwe lenyewe lina ushahidi wake. Ardhi ya Kisauni, Bamburi na Likoni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, takriban miaka 125,000 iliyopita. Kiwanda cha Bamburi kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954 kilijengwa hapo kwa sababu ya mwamba huo, na mawe ya kukata yanayojengewa nyumba za mitaani leo ni jamii moja na yale ya kuta za Jumba la Mtwana. Waashi wa kale walitumia aina mbili. Jiwe la nchi kavu, gumu na lenye matundu, lilipangwa ukutani kwa chokaa kisha likapakwa lipu. Kwa kibla, miimo ya milango na vidaka walitumia tumbawe bichi, lililokatwa chini ya maji likingali laini na kuchongwa kabla halijakauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kisha ikaachwa muda mrefu ipate kuiva. Dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, vyumba vya nyumba za mawe tangu Lamu hadi Kilwa ni vyembamba, upana wake kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Kazi ya namna hiyo ilitaka mtu anayejua maji kupwa na kujaa, anayejua tumbawe lipi lachongeka na lipi lafaa kuchomwa, na anayejua mkoko upi haupekechwi na wadudu. Mgeni aliyeshuka jahazini na msimu wa kaskazi hakuja na elimu hiyo.

Katika masimulizi ya watu wa kawaida, anayepewa sifa upesi ni Mreno. Gofu lolote, kisima chochote chenye kuta za mawe, pango lolote linaloelekea baharini husemwa kuwa ni la Wareno. Sababu yake yaonekana wazi: Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ndilo jengo la kale linalojulikana na kila mtoto wa Mombasa. Lakini Wareno hawakuwa wajenzi wa miji ya mwambao huu. Mbali na ngome hiyo, waliacha vituo vidogo vya ulinzi, vikiwemo vile vya Makupa vilivyolinda kivuko cha kwenda Changamwe dhidi ya mashambulizi kutoka bara. Miji waliikuta imekwisha kusimama. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, wakati Jumba la Mtwana, lililojengwa katikati ya karne ya 14, lilikuwa limekwisha hamwa kwa miaka mingi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wa Mombasa na kuutia moto, na Mjerumani Hans Mayr aliyekuwa katika msafara huo aliandika habari za nyumba za mawe, baadhi zikiwa za ghorofa, zilizochanganyika na nyumba za miti na makuti. Mchanganyiko huo ndio uliofanya moto uenee. Maelezo yake yanafaa kukumbukwa, maana yanaonyesha mji wa mawe na mji wa udongo ikiwa kitu kimoja, mlango kwa mlango.

Unguja na Pemba kosa kama hilo lilimwendea mwingine: huko magofu mengi yaliitwa ya Wadebuli, watu wanaosimuliwa kuwa walitoka Daibuli, bandari ya kale kwenye mlango wa mto Indus. Jina limebadilika, fikra ni ile ile. Jengo lisilokumbukwa mwenyewe hukabidhiwa mgeni aliyekwisha ondoka.

Jumba la Mtwana limebebeshwa kosa la aina yake, kwa ajili ya jina. Kwa kuwa mtwana ni mtumwa, wageni wengi wanaopelekwa pale huambiwa kuwa palikuwa ghala la watumwa waliongojea kusafirishwa. Majengo hayasemi hivyo. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoyasafisha magofu hayo mwaka 1972, zilionekana nyumba za watu wenye uwezo na misikiti, mmoja ukiwa ukingoni mwa bahari pamoja na makaburi yake, na kaburi moja limeandikwa aya ya Qur'ani. Kuna visima, mabirika ya kutawadhia na vyoo vya ndani. Mji huo ulikaliwa kwa takriban miaka 100. Biashara kubwa ya watumwa iliyolisha mashamba ya Malindi, Mombasa na Unguja ni ya karne ya 19, karne nne baada ya Jumba kuwa kichaka. Jina la sasa lilikuja baadaye, kwa watu waliolikuta gofu, na haliwezi kutumiwa kama hati ya mji uliotangulia.

Mnara wa Mbaraki unaonyesha vizuri zaidi jinsi dhana inavyoweza kukaa mahali pa ushahidi. Nguzo hiyo nene ya mawe, tupu ndani, ilisemekana kwa muda mrefu kuwa ni kaburi la shehe wa Wachangamwe. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa, wale Waswahili wa Mombasa waliokaa upande wa Kilindini, tofauti na Tisa Taifa wa Mji wa Kale. Simulizi hilo lilionekana sawa kwa sababu mbili: Mbaraki iko upande wa Thelatha Taifa, na nguzo za mawe juu ya makaburi ni jambo la kawaida kutoka Lamu hadi Tanzania. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alipochimba hapo mwaka 1977 hakupata kaburi chini ya mnara. Alipata msikiti, uliojengwa kabla ya Wareno kufika, ukaachwa, ukabomoka, kisha watu wakaanza kuuendea kwa mambo ya mizimu. Mnara wenyewe ulijengwa kando ya gofu hilo takriban mwaka 1700, na Sassoon aliufahamu kuwa ni makao ya pepo. Watu waliendelea kupeleka pale ubani na marashi hata katika karne ya 20.

Matokeo hayo hayakuwafurahisha wote, kwani kaburi la shehe lina heshima kuliko nyumba ya pepo. Hata hivyo yanafungua jambo kubwa kuhusu Mombasa: Uislamu wa mji na ibada za wenyeji wa bara zilikaa pamoja katika jengo moja, na walioacha ubani msikitini hawakuwa wageni wa jengo hilo. Anayeufahamu mzimu wa Wadigo wa Likoni hahitaji kumtafuta Mwajemi ili aueleze mnara wa Mbaraki.

Dhana ya wataalamu ilikuwa na uzito mwingine, kwa kuwa iliandikwa vitabuni na kufundishwa shuleni. Kirkman, aliyeanza kazi katika magofu ya Gedi mwaka 1948 na baadaye kuisimamia Ngome ya Yesu, ndiye aliyefungua mlango wa akiolojia ya pwani ya Kenya, na deni kwake ni kubwa. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita mji wa Gedi mji wa Kiarabu, na katika kitabu kingine cha mwaka 1964 alieleza kuwa majengo ya kale ya Afrika Mashariki ni mali ya Waarabu na Waajemi walioshika Uarabu, watu waliochanganya damu na Waafrika lakini wakatengana nao kabisa kwa utamaduni. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, naye aliiona miji hiyo kuwa imeanzishwa na walowezi kutoka ng'ambo. Hawakubuni jambo hilo wenyewe. Lilikuwa tayari katika habari za kale za Kilwa, zinazotaja mtoto wa mfalme wa Shirazi aliyekuja kwa jahazi na kukinunua kisiwa, na katika nasaba za koo nyingi za Mombasa zilizojiita za Kishirazi.

Nasaba hizo zilikuwa na kazi zake. Zilimpa mtu heshima msikitini, haki ya kuoa katika nyumba fulani, na nafasi katika biashara ya bahari. Ukoloni uliziongezea thamani mpya. Waingereza waliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na Mwarabu akawekwa katika kundi la pili lenye nafuu ya kisheria. Miaka ya 1920 viongozi wa Thenashara Taifa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa pamoja, walidai watambuliwe sawa na Waarabu. Mtu aliyejibu kuwa babu yake alitoka bara ya Changamwe au Kisauni alijipunguzia haki zake mwenyewe. Kwa hiyo mtaalamu aliyekuja na daftari kuuliza asili ya mawe alipewa jibu ambalo hali ya wakati ule ilimlazimisha mtu kulitoa, naye akaliandika kama historia.

Makaburi ya nguzo yalipata nadharia yake peke yake. Kwa kuwa nguzo za namna hiyo hazipatikani Uarabuni wala Uajemi, walioamini asili ya kigeni walibanwa. Baadhi yao wakageukia nguzo za mawe za kusini mwa Ethiopia, wakasema kuwa ni ishara ya uume iliyoletwa na watu wa Pembe ya Afrika. Lakini desturi ya kumsimamishia marehemu mwenye cheo alama ya wima iko jirani kabisa: Wagiriama na Mijikenda wengine huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu vigango vya mti uliochongwa. Haisemwi kwamba kigango ndicho baba wa nguzo ya mawe. Inatosha kwamba mtu wa mwambao hakuhitaji kwenda hadi Ethiopia kujifunza kwamba mkubwa hafi akasahauliwa bila kusimamishiwa kitu. Vivyo hivyo, bakuli za Kichina zilizobandikwa kwenye makaburi na vibla vya mwambao, kama zile za Mnarani, Kilifi, ni pambo lililonunuliwa. Hazimfanyi Mchina kuwa mjenzi.

Jambo lililoigeuza hoja yote ni kuchimba chini ya mawe. Msafiri Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, na akaandika kwamba misikiti ya watu wake ilikuwa ya miti, imejengwa kwa ustadi, na kwamba penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima na jamvi la kufutia miguu. Maneno hayo yalisomwa kwa miaka mingi bila kupimwa. Yanamaanisha kuwa Mombasa ilikuwa mji wa Kiislamu, wenye watu wacha Mungu na biashara ya nafaka na Waswahili wa mwambao, wakati jiwe lilikuwa bado halijatawala. Karibu karne mbili kabla yake, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi alikwisha itaja Mombasa kuwa mji wa watu wanaochimba chuma na kuwinda chui. Sassoon alipochimba katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani miaka ya 1970, aliikuta Mombasa hiyo: tabaka za chini, za takriban karne ya 11, zilikuwa na vigae vya vyungu vya kienyeji, na kuta za mawe zilikuja juu yake.

Uthibitisho mkubwa ulitoka Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mark Horton alipochimba chini ya msikiti wa ijumaa wa mawe miaka ya 1980, alipata msikiti juu ya msikiti, mahali pale pale, ule wa chini kabisa ukiwa kibanda kidogo cha miti cha mwishoni mwa karne ya 8. Vyungu vya watu wa mji ni vya mtindo mmoja tangu chini, na mtindo huo unapatikana pia katika vijiji vya bara. Jiwe liliingia polepole, msikitini kwanza, na nyumba za raia zikageuka za mawe katika karne ya 14. Hapakuwa na siku watu wa mawe walipowaondoa watu wa udongo. Mtu yule yule, au mjukuu wake, alipopata mali alibomoa udongo akajenga jiwe, kama inavyotendeka katika mitaa ya Mtopanga na Mtongwe leo.

Bara nako kulitoa ushahidi wake. Robert Soper alipochimba katika vilima vya Kwale miaka ya 1960, safari fupi kutoka Likoni, alipata vyungu na mabaki ya wafua chuma wa karne ya 3, na aina hiyo ya vyungu sasa inajulikana duniani kwa jina la Kwale. Utafiti wa Henry Mutoro na Richard Helm kwenye kaya za Mijikenda na mashamba ya nyuma ya Mombasa ulionyesha kuwa wakulima na wafua chuma waliendelea kukaa huko katika milenia yote ya kwanza. Lugha inasema hivyo hivyo. Kimvita, Kidigo, Kigiriama na Kipokomo ni ndugu wa karibu katika jamii moja ya lugha za Kibantu, na maneno ya Kiarabu yaliingia Kiswahili baada ya lugha kuwa imekwisha simama.

Palepale Likoni historia inarudi nyuma zaidi kuliko chuma. Mtongwe, juu ya maji ya Kilindini, timu ya Kijapani iliyoongozwa na Omi Gen'ichi ilichimba miaka ya 1980 na kupata zana za mawe zilizochongwa na watu wa Zama za Mawe. Kaskazini, katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, lilipatikana kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2021. Watu hao hawana uhusiano wa moja kwa moja na waashi wa Jumba, lakini wanaondoa ile picha ya mwambao mtupu uliongojea jahazi.

Kenya bara ilipitia kosa lile lile. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliyaunganisha mashimo yaliyozungushiwa mawe ya nyanda za magharibi na taifa lililotoweka, akaliita la Kiazania. John Sutton alionyesha baadaye kuwa mashimo hayo, yanayoitwa ya Wasirikwa, yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya wafugaji waliokuwa wakiishi hapo. Zimbabwe Kuu ilinyang'anywa Washona na kupewa Wafoinike, hata baada ya David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 kuthibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika. Nguzo za Lothagam, kando ya Ziwa Turkana, zilielezwa upya mwaka 2018: wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walizisimamisha kati ya takriban miaka 5,000 na 4,300 iliyopita juu ya makaburi ya watu wasiopungua 580, bila dalili ya mfalme wala tabaka. Uingereza nayo, Stonehenge ilipewa Warumi na Inigo Jones katika kitabu cha mwaka 1655, kisha makuhani wa Kidruidi, ingawa imewatangulia kwa miaka 2,000. Lakini Mwingereza aliyepotoshwa kuhusu Stonehenge hakupoteza shamba. Zimbabwe na pwani ya Kenya, kumnyima mtu jengo kulikwenda sambamba na kumnyima ardhi iliyo chini yake.

Kusahihisha kosa moja kumezaa jingine, nalo linastahili kusemwa kwa uzito ule ule. Katika hamu ya kuirudisha miji kwa Waafrika, baadhi ya waandishi wamekana kabisa kuwa Waajemi walifika. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800 katika miji ya mwambao, Mtwapa ikiwa mmojawapo, pamoja na mji mmoja wa bara. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili ilitoka kwa Waafrika, hasa upande wa mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia upande wa baba, na kwa kiasi kikubwa ni ya Uajemi, pamoja na kidogo ya Bara Hindi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Asili ya Kiarabu iliongezeka baada ya mwaka 1500. Simulizi la Kishirazi, basi, halikuwa uzushi mtupu: mababu hao walikuwapo. Ila walifika kwenye mji uliokuwa tayari na watu, vyungu, chuma na msikiti wa miti zaidi ya karne mbili, wakaoa humo, na watoto wao wakasema lugha ya mama zao.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inayalinda magofu yaliyotangazwa kuwa turathi, na inamtaka anayevumbua kitu cha kale atoe taarifa. Jumba la Mtwana lina uzio na mlinzi, japo mawimbi yanaendelea kuula ufuo wake. Vigae, mavi ya chuma na sakafu za udongo, yaani mabaki yanayosimulia miji kabla ya jiwe, havionekani kwa mpita njia na havina uzio. Kisauni, Likoni na Changamwe zinajengwa kwa kasi, na msingi wa nyumba ya kawaida unatosha kuzipita tabaka zote za milenia ya kwanza katika siku moja ya kazi.